Sura ya Kumi na Nne

Nimemwamsha Koplo Ndewirwa tena usiku huu,
nimemvalisha kaptura ya kaki na goti lake bovu,
nimemrudisha Uru, Mei ya hamsini na nne,
masika yakiwa yamegoma kuondoka.

Kisa mnakijua. Moshi nzima inakijua:
karani Aminieli kalala juu ya daftari la mizani,
kalamu vidoleni, hakuna tone la damu,
mlango umekaza, dirisha halipitishi mtu mzima,
na nje mlinzi, Sefania Mbwambo, Mpare,
ufunguo pekee ukining'inia shingoni mwake.
Basi. Nani mwingine?
Jaji alimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Miaka sabini watu wanatia chumvi.
Mwalimu wetu wa darasa la tano alisema ni nyoka,
akamchora ubaoni, akamchorea na kofia.

Mimi nikasema nitaandika riwaya.
Kwanza nikaenda kuuona mlango.
Ghala sasa lina kuku wa mayai,
lakini mbao ni zilezile, za mringaringa.
Januari ulifunguka kwa kidole.
Aprili nikausukuma kwa bega,
kwa bega na mguu, mwenye kuku akanicheka:
"Huo mlango hunywa mvua, dada. Mpaka Juni."

Nilikaa chini, kwenye tope.

Haukufungwa. Haukuwahi kufungwa.
Ulivimba tu,
na kila aliyeusukuma asubuhi ile
alihisi komeo ambalo halikuwapo,
akaapa mahakamani
kwa ukweli wote wa bega lake.

Bado kilichomuua.
Koplo wangu haulizi watu, huhesabu vitu:
mizani moja, mawe saba ya kupimia,
magunia kumi na mawili, matupu,
taa ya chemli, imekauka,
na sakafuni kando ya kiti
duara jeusi, upana wa sahani,
lililotajwa mara moja, ukurasa wa tisa wa faili,
kisha likaachwa.

Baridi ya huko juu huingia mpaka kwenye meno.
Anayekesha na hesabu anataka moto.
Jiko la mkaa, chumba kisichopumua,
mlango ulioshiba maji:
mkaa hauna kelele, humlaza mtu kama mama yake.
Lakini jiko liko wapi?
Koplo aliandika swali hilo mara mbili,
ncha ya penseli ikakatika.

Hapo nilikwama wiki tatu.
Mchapishaji akapiga simu kutoka Dar:
"Msomaji anataka muuaji, dada."

Jumapili nikapanda kwa bibi yangu, Aikaeli.
Alikuwa anachoma ndizi kwenye kijiko cha bati nene,
mguu mmoja umefungwa kwa waya.
Nimekiona tangu nazaliwa. Sikuwahi kukitazama.
"Bibi, hiki ni cha lini?"

Akageuza ndizi. Akageuza na nyingine.

"Cha mama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Karani alikuwa anakohoa,
mama akasema, mpelekee moto."
Akapuliza majivu.
"Asubuhi nikakifuata. Mlango ulikataa,
nikapita dirishani. Nilidhani kalala."

"Na ulijua lini?"

"Walipompakia Sefania kwenye gari."

Alinipa ndizi, nikala.
Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Sefania alifia Karanga, mwaka wa tatu, kifua.
Sijui kama aliacha mtoto. Faili halisemi.

Usiku huu Koplo amesimama kwenye kihamba,
kofia mkononi, goti linamuuma.
Mbele yake msichana, na jiko bado lina vuguvugu.
Ananingoja nimwambie: uliza,
au nimwambie: rudi kituoni, mvua inakuja.

Kesho Jumatatu. Bibi atapiga simu, kama kawaida yake,
aulize kitabu kimefika wapi.